Saa Moja Nyuma

Inaunganisha.
Neno hilo nimelikodolea macho tangu vyombo vya usiku vikauke.
Kiduara kinazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta
na mafuta hayatoki.

Niko juu ya paa, Ibra, nyuma ya tangi la maji,
mahali pekee ambapo waifai ya tajiri yangu hupanda ngazi.
Viyoyozi vinanipumulia miguuni.
Maandishi yanapita. Picha zinapita:
jana nimepokea jino la mwanangu,
limelazwa juu ya kifuniko cha soda.
Sauti ndiyo haipiti.
Simu inaita mara moja, kisha inakatika kwa adabu
kama mtu aliyekosea mlango.

Nilimpa jina Semeni,
nikaja kufanya kazi pasiposemeka.

Ndipo jirani yangu Mwanahawa akanitilia vipieni.
"Inakupitisha mlango wa uani," alisema.
"Ukiulizwa, wewe umetokea nchi nyingine."
Miezi mitano nimetokea nchi nyingine.
Nimekuwa Mholanzi saa tatu hadi saa tatu na nusu,
nimesahihisha hesabu za kugawanya nikiwa Singapuri,
nimegomba kuhusu sare iliyopotea nikiwa Mjerumani.

Tangu Ijumaa, hakuna nchi inayonitaka.

Nimezima, nimewasha.
Nimeifuta, nimeipakua upya, bando limekwenda na maji.
Nywila nimeiandika kwa herufi kubwa, kwa ndogo,
nikiitamka kama mtoto wa chekechea.
Nimewasha hali ya ndege, nikahesabu hadi thelathini
(ndege gani,
na pasipoti yangu imo kabatini kwa mama mwenye nyumba?).
Nimebadili itifaki. Sijui itifaki ni nini;
nilibonyeza ya juu, nikabonyeza ya chini.
Uholanzi: imeshindwa.
Ujerumani: imeshindwa.
Rumania, ambako sijui hata jina la mji mmoja,
nayo imeshindwa nami.

Bi Ghaniya, mama wa tajiri, mzaliwa wa Wete,
hulala mchana akakesha kama popo.
Ananiita kutoka chini ya ngazi:
"Kapita huyo mdudu wako?"
"Hajapita, bibi."
"Basi n'tilie chai, nayo itapita."

Kesho yake Jumatano, soko la wanawake,
nikaiba dakika kumi kati ya vitunguu na ubani
nikaingia kwa Shihabu, fundi simu, mtu wa Kerala.
Kiarabu chake kibovu, changu kibovu zaidi, tukaelewana.
Vipieni hakuigusa.
Alitazama pembe ya kioo, akatazama saa ya ukutani.
"Saa yako," akasema, "inadanganya."

Haidanganyi.
Niliirudisha nyuma mwenyewe, Ijumaa, kwa kidole hiki,
nimechoka kutoa moja kila usiku kichwani:
hapa saa nne, Muheza saa tatu, mtoto keshalala.
Nilitaka nikitupa jicho tu nijue
sasa anasukuliwa, sasa kengele ya shule,
sasa mama yangu anamwita aje kula naye anajifanya hasikii.
Ilikuwa saa ya kweli. Ila si ya hapa.

"Mlango huu," Shihabu akasema, "huuliza saa kabla ya jina.
Msipolingana, haufungui."
Akabonyeza mara moja.
Ikaruka saa nzima, pale juu ya meza,
katikati ya chaja na vifuniko vya simu.
Baisa mia tano.

Usiku niko tena nyuma ya tangi.
Saa nne na robo, ya Ibra.
Kiduara kimezunguka, kimesita, kikawa kijani.
Uholanzi imenipokea bila neno.
Inaita.
Nne, toa moja. Tatu na robo. Huenda bado —

"Mama, mbona umekaa gizani?"
Pengo la jino linacheka kabla yake.

Na chini ya ngazi: "Kapita?"
Sijibu. Chai ingoje.