Kufunga Hesabu

Wrecsam, Novemba, saa moja jioni.
Chumba cha juu cha maktaba tumekikodi kwa paundi kumi na mbili,
hita inakohoa, joto haitoi.
Tuko watano; akidi ni wanne.
Eluned anafungua kikao, mimi ninafunga hesabu.
Ndiyo kazi ya mweka hazina: kufunga, kufunga,
katika shirika lililoundwa kwa ajili ya wanaojifungua.

Mali bila daftari huisha bila habari,
basi daftari ninalo.
Mapato: elfu kumi na tisa, mia tatu na sita.
Matumizi: elfu ishirini na tatu na ushee.
Huo ushee Bwana Hopkin mkaguzi aliukataa,
akauzungushia wino mwekundu,
nami nikakesha siku mbili nikiusaka
mpaka nikaukuta: paundi kumi na moja na peni arobaini,
nauli ya basi ya mwanamke wa Bala
aliyekwenda hospitalini kusikilizwa, asisikilizwe.
Nimemwandika chini ya "Safari".
Waliorudi kimya hawana safu.

Simu yetu imelia mara mia nne na themanini mwaka huu.
Ukigawanya, kila mlio ni paundi arobaini na nane.
"Ghali," anasema Iorwerth, aliyekuwa wakili wa mashamba;
si mkatili, anasoma tu kilichoandikwa.
Nest, anayezipokea simu hizo jikoni kwake
mwanawe akiwa begani,
habandui jicho kikombeni.

Kisha ajenda ya sita.
Kampuni moja inayouza mashine za kusikilizia moyo wa mtoto tumboni
inatuahidi elfu arobaini.
Haina masharti, barua inasema,
ila nembo yao ikae juu ya kijitabu chetu,
kile kinachomwambia mama: mashine waweza kuikataa.

Hita nayo imenyamaza.
Akiba yetu ni ya wiki tano,
kanuni tuliyoitunga wenyewe inataka miezi mitatu.
Mwenye njaa hana miiko, ndivyo isemwavyo,
lakini miiko yetu tuliiandika tukiwa na njaa.

Eluned anasema kura ya nini, sote tunajua,
tuandike tu kwamba tumeafikiana.
Amekikalia kiti miaka kumi na mmoja; katiba inasema tisa.
Shirika alilizaa yeye, hilo halina ubishi,
simu ya kwanza aliilipia kwa pesa za mazishi ya mamake.
Na hapo ndipo kalamu yangu inapogoma.

Maana mwaka wa themanini na saba, nimelazwa chali,
taa usoni, daktari mpole kabisa, ana haraka,
alisema vivyo hivyo: sote tunajua, tuendelee tu.
Mkasi niliusikia kabla ya maumivu.
Kwenye faili langu pameandikwa: amekubali.
Aliniuliza nani?
Uchungu wa kuzaa uliisha alfajiri.
Huu mwingine sijaufunga hadi leo,
hauna risiti.

"Mwenyekiti," nasema, "tuulizwe. Mmoja mmoja. Kwa jina."

Eluned ananitazama kama aliyepigwa kofi.
Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, anaifuta,
halafu anauliza.
Nest: hapana.
Iorwerth: ndiyo, kwa masikitiko, na hayo masikitiko yaandikwe.
Ffion, mwezi wake wa pili nasi, anaomba kuelezwa tena swali.
Anaelezwa tena.
Hakuna anayetazama saa.
Hapana, anasema.
Mimi: hapana.
Mwenyekiti anajizuia.
"Muda wangu kitini," anaongeza, sauti imekwaruza,
"uwe ajenda ya kwanza Januari."
Ninaandika neno kwa neno, mkono unatetemeka,
mwandiko wa mtoto wa darasa la pili.

Wiki tano, basi.
Paundi kumi na mbili ninazilipa mlangoni, nadai stakabadhi.
Kwenye ngazi simu ya Nest inalia.
Nageuka nimtanie Iorwerth: arobaini na nane hizo,
lakini keshainua kidole mdomoni,
anatunyamazisha sote, hata mlinzi mwenye funguo,
ili mwanamke huyo, popote alipo, asikike.