Saa za Kitabu

Kitabu kinasema saa tatu na nusu.
Kitabu kiliandikwa mahali pakavu,
na mtu mwenye shati jeupe,
mbele ya lori ambalo chumvi haijalilamba.

Hapa Thunder Bay chumvi humwagwa tangu Oktoba.
Malori huingia mlango wa nne, mlango wangu,
yakidondosha barafu nyeusi kutoka tumboni,
boliti zimeng'ang'ania chuma
kama ndugu waliokula njama moja.

Boliti kumi na mbili za ekzosi.
Kumi na moja nimezibembeleza:
mafuta, moto, tena mafuta,
nyundo ndogo, haya, njoo mama, njoo.
Ya kumi na mbili imeniachia kichwa mkononi.
Tk.
Sauti ya njiti ya kiberiti.
Tangu hapo kitabu hakinijui.

Maana silipwi kwa saa ya ukutani.
Ile ni ya Murray, ofisini, nyuma ya kioo,
anayenyanyua simu na kuniuliza kwa nyusi.
Namjibu kwa kidole: bado.
Mimi nalipwa saa tatu na nusu,
nimalize kwa mbili au kwa tisa.
Kutu ikila, inakula sahani yangu.
Na Alhamisi hupita gari la vifaa
kudai fedha ya spana
hii hii niliyoishika.

Kayleen Wabasse ananishikia taa.
Mwanagenzi, mwaka wa pili.
Anamulika ninapotazama mimi,
si anapotazama yeye.
Chuoni hawafundishi hilo,
wala sikumfundisha.

Nimechomelea nati juu ya kisiki. Imebanduka.
Nimechomelea ya pili. Imebanduka,
ikadondokea ndani ya mkono wa ovaroli,
nikacheza ngoma ambayo Kayleen
atawasimulia wenzake mpaka astaafu.

Gurtej ametoka chumba cha kusubiria,
alikolala ameketi, buti mguuni.
Ana shehena ya vitunguu vya Winnipeg,
na nje ni ishirini na sita chini ya sifuri;
kitunguu kikiganda huwa maji tu na harufu.
Hakuuliza lini.
Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
tangawizi kali, iliki,
akanipa, akainama, akakitazama kisiki
kama mtu anayeonyeshwa jino lake mwenyewe.
"Huyu," akasema, "ana kiburi."

Basi nikafungua droo ya chini.
Marehemu baba alitengeneza matrekta ya wakata magogo;
aliniachia spana zilizochakaa
na kipande cha mshumaa.
Nikakichoma chuma hadi kikawa chekundu,
nikakiacha kipoe kidogo,
nikakigusisha nta.
Ikanywewa. Ikapotelea kwenye hesi
kama siri kwenye sikio linaloitaka.
Nati ya tatu. Moto. Spana.
Robo mzunguko.
Kayleen aliacha kupumua, taa haikutikisika.
Nusu.
Kisha boliti ikaanza kuimba, ule mlio mwembamba
wa kutu inayokubali,
ikatoka yote, ya moto, fupi, mbaya,
na sote watatu tukaitazama bila neno.

Saa ya Murray ilisema saa kumi na robo.
Kwenye kadi nikaandika tatu nukta tano.
Kayleen akasoma begani kwangu.
"Ni uongo," akasema.
"Ni malipo," nikasema,
na sikupenda nilivyosikika.

Lori likatoka kwa kinyumenyume.
Nikasimama mlangoni bila koti.
Ekzosi inayovuja hugonga, tik tik tik,
ukikanyaga mafuta.
Gurtej akakanyaga, gia ya pili, gia ya tatu,
akapanda kilima cha barabara kuu.
Nilisikiliza hadi nikawa nasikiliza theluji.

Nilipogeuka, boliti haikuwepo mezani.
Mfuko wa ovaroli ya Kayleen ulikuwa umevimba kidogo.
Alikuwa anafagia,
na mlango wa nne ulikuwa unapanda tena,
taa mbili za njano zikisubiri nje,
na tumbo lingine likidondosha.