Milimita Sita

Miaka kumi na tisa nimelala na treni kitandani.
Jirani yetu wa Cheyo, ukuta mmoja na sisi,
aliwahi kuuliza kama mizigo ya Mpanda
siku hizi hupita saa nane za usiku.
Nilicheka. Mihambo hakucheka. Alikuwa amesinzia
na kikombe mkononi, saa nne asubuhi.

Kelele sikuziogopa.
Mkoromo ni mtu yupo.
Niliogopa pale unapokatika,
kifua kinapanda, kinahangaika
kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa,
na hewa haipiti.
Nahesabu. Kumi na moja. Kumi na tisa.
Thelathini nilifika mara mbili, Julai, na baridi ile;
nikampiga kiwiko, akavuta pumzi yote ya chumba,
akaniuliza: "Mbona huniachi nilale?"

Nilimshonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana
asilale chali. Akalala chali juu ya mpira.
Wifi akaleta asali ya nyuki wadogo.
Tuliila, ilikuwa tamu, akakoroma vilevile.
Dada yangu akasema, hama chumba.
Nihame, halafu nani ahesabu?

Stesheni, yeye ndiye mgeuza njia.
Anavuta wenzo, ulimi wa chuma unasogea
upana wa kiganja tu, na mabehewa yote yanajua:
hii ya Kigoma, hii ya Mwanza.
Siku aliyosinzia na mkono kwenye wenzo
hakikutokea kitu. Ndivyo tunavyosema nyumbani.
Hakikutokea kitu, lakini msimamizi aliandika.

Mwanza walimlaza usiku mmoja na nyaya kichwani,
asubuhi wakatupa karatasi ya milima na mabonde.
Kila bonde, wakasema, ni pumzi iliyokosekana.
Walimpa mashine ya barakoa. Wiki mbili
alilala kama mzamiaji, umeme ukikatika anaing'oa,
usiporudi, haivai.
Ndipo wakatuandikia: nendeni kwa daktari wa meno.
"Wa meno?" alisema. "Meno yangu hayakoromi."

Daktari Kalunde, miwani imefungwa kwa uzi,
alimmulika kinywani kama mrina asali kwenye mzinga.
Akahesabu: ishirini na matatu, fizi nzima.
"Yatashikilia." Akachora nyuma ya fomu
taya, ulimi, koo.
Ukilala, ulimi unarudi nyuma, unaziba njia.
Basi taya la chini tunalivuta mbele
milimita sita, si zote leo. Kifaa kina skrubu,
utakizungusha kidogo kidogo, robo kwa robo.
Mihambo alinyamaza. Kisha mkono wake
ukajikunja wenyewe, kana kwamba umeshika wenzo.
"Kumbe ni kugeuza njia," akasema.

Akapewa nta aing'ate. Akainusa kwanza.
"Hii ya Sikonge?"
"Ya dukani, mzee. Ng'ata."
Aling'ata kwa dharau.

Bima haikukitambua kifaa. Gunia nne za mpunga zilikitambua.

Wiki ya kwanza mto ulilowa mate.
Asubuhi meno ya juu na ya chini hayakusalimiana
mpaka chai ya pili; alitafuna chapati kama mbuzi mwenye mawazo.
Alikitupa kabatini siku tatu. Akakirudia mwenyewe,
sikumwambia kitu.
Mabonde hayajaisha yote. Daktari anataka nyaya tena,
ahakikishe, asiamini masikio yangu peke yake.
Lakini juzi jirani ameniuliza
kama ile ya Mpanda imefutwa.

Sasa asiyelala ni mimi.
Saa nane inafika, naamka. Zamu yangu
hakuna aliyeniandikia barua ya kuisitisha.
Naegemea kiwiko gizani. Naanza:
moja. Mbi