Kifungo Kwenye Msumari

Hakimu alisema miezi kumi na minane,
kisha akasema: kitundikwe.
Sikuelewa. Mimi Numbi, muuza makala wa Katuba,
najua kutundika nguo, samaki, taa umeme ukikatika.
Karani akanieleza mbiombio, jicho kwenye saa:
"Mama, mumeo anarudi nyumbani na kifungo chake.
Asipoiba miaka mitatu, kinakufa chenyewe.
Akiiba, kinashuka."

Basi tukarudi watatu,
Banza, mimi, na karatasi yenye muhuri.
Nikaipigilia nyuma ya mlango,
pale palipokuwa na kalenda ya bia.

Hakili bukari kifungo hiki. Hakilali kitandani.
Ila upepo wa Juni ukipenya
kinagonga mbao, tu, tu,
na Banza anaamka.

Kila Jumatatu ya kwanza anakwenda parke kwa miguu,
shati lilelile la harusi ya binamu,
atie sahihi kwa afisa mmoja mwenye mafua yasiyoisha.
Unalala wapi? Unafanya kazi gani? Ulikunywa?
Katuba. Nachomelea madirisha. Kidogo.
Hilo la tatu lilinikera. Si angesema hapana!
"Nimechoka kuficha vitu," akasema,
akavua viatu.

Mdogo wake Kilufya yuko Kasapa.
Waya uleule, usiku uleule, msumeno mmoja,
lakini yeye alikuwa na kosa la zamani:
kuku wawili.
Jumapili nampelekea sahani iliyofungwa kitambaa.
Ananiuliza, "Msumari bado umeshika?"
Tunacheka.
Halafu hatucheki.

Juzi, saa nne ya usiku, mtu akaja na gunia.
Shaba haisemi, lakini uzito wake naujua.
"Fundi, yeyusha tu. Usiulize."
Akataja bei.
Ilikuwa minervali ya watoto wawili, na viatu.
Nilihesabu kimoyomoyo, Mungu anisamehe,
nikahesabu tena.

Banza hakumjibu. Akafunga mlango taratibu,
na karatasi huonekana hapo tu,
mlango ukifungwa.
Tuliitazama mpaka nyayo zikaishia barabarani.
Kisha akauliza kama bado kuna sombe.

Imebaki miaka miwili na miezi minne.
Msumari umeanza kutu.
Nimemwambia alete mwingine, mrefu,
kesho, akitoka kazini.