Maabara

Baba aliuliza swali moja tu
siku barua ya chuo ilipofika Ngamiani:
"Sayansi ya siasa. Maabara yake iko wapi?"
Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni,
anaibana tyubu majini, anatafuta povu.
Sikuwa na jibu. Nikamshikia pampu.

Mwaka wa kwanza nikajifunza kutamka
dola, uhalali, mkataba wa kijamii;
kwamba zamani sana watu walichoka kuogopana
wakampa mmoja wao rungu la wote.
Nikanyoosha mkono: walikutana wapi?
Muhtasari wa kikao aliandika nani?
Darasa zima likacheka. Mhadhiri hakucheka.
"Endelea kuuliza hivyo," alisema, "utafeli vizuri."

Likizo ya mwaka wa pili, mafunzo kwa vitendo.
Wiki nane, ofisi ya kata, Makorora.
Feni inazunguka kwa kujifikiria,
kalenda ya mwaka juzi,
benchi lililong'arishwa na makalio ya wanaosubiri.
Mtendaji, Bwana Semkiwa, mtu mpole,
mpenda kachori, asiyepaza sauti,
alinionyesha kazi yote kwa dakika kumi:
daftari la wageni, daftari la migogoro,
kidau cha wino,
na muhuri, peke yake, kwenye droo yenye kufuli.

Jumatano moja akaitwa wilayani.
Akaniachia ufunguo.
"Barua za utambulisho tu. Msomi wa siasa atashindwa?"

Muhuri ni mwepesi. Hili hawakutufundisha.
Mpini wa mti, mpira chini, herufi zimepinduka:
serikali inasomeka kinyumenyume
mpaka uigandamize juu ya jina la mtu.

Watu saba benchini.
Wa kwanza nilimhudumia mbiombio,
wa pili na wa tatu vilevile.
Wa nne alikuwa Mzee Chambega,
mstaafu wa kiwanda cha saruji,
kofia mkononi, anataka karatasi moja tu
ya kusema kwamba yeye ni yeye
akafuatilie mafao yake.
Barua ilikuwa tayari. Ipo mbele yangu. Jina, tarehe, kila kitu.
Na sijui ni nini,
nikafungua daftari,
nikapekua kurasa nisizozisoma,
nikasema bila kuinua macho: "Subiri kidogo."

Akasubiri.
Hakuuliza kwa nini. Hata hakukohoa.
Benchi lile alilijua kuliko mimi nilivyoijua meza.
Dakika kumi na moja, saa ya ukutani shahidi,
na kifuani mwangu kitu kidogo, chenye joto,
kikajinyoosha kama paka aliyepata kiti.

Kisha nikagonga.
Akainuka, akaipokea kwa mikono miwili:
"Ahsante, mheshimiwa."

Mheshimiwa! Mimi Mwanamkasi,
miaka ishirini na mbili,
niliyekuwa nikipakiwa kwenye keria ya baiskeli ya mzee huyuhuyu
akinizungusha mtaani
baba akimzibia pancha ya mbele.
Hakunitambua.
Au alinitambua, ndiyo maana akaniita hivyo.

Ripoti yangu ina kurasa thelathini na nne.
Sura ya tatu: changamoto za utoaji huduma.
Nimeandika upungufu wa watumishi,
uchakavu wa majengo, mwamko mdogo wa wananchi.
Nikapata alama za juu,
na neno "safi" kwa kalamu nyekundu.
Dakika kumi na moja hazimo,
wala paka.

Jana usiku nikamwambia baba.
Alikuwa amechuchumaa, taa ya simu kinywani,
anakaza spoku za mtu wa kesho asubuhi.
Akaitoa taa.
"Chambega alikuja na baiskeli?"
Nikasema hapana, alikuja kwa miguu.
Akairudisha taa, akaizungusha rimu,
akaitazama inavyoyumba, akaisimamisha kwa kidole.
Nikadhani yamekwisha.
Akaitoa tena.

"Basi hesabu na za kuja na za kurudi."