Mwenye Faili

Chumba cha nyuma, ofisi ya ushirika wa kahawa, Moshi.
Kompyuta nne, na Bwana Kilawe anataka orodha kabla ya saa kumi:
kila faili, ni ya nani.

Nimeandika skripti ya mistari thelathini.
Kwanza inabisha hodi: wewe ni Linux, au ni Windows?
Maana swali ni moja, mlango sio mmoja.
Linux hujibu upesi, namba, kisha jina.
Windows hutaja kwanza ukoo, mkwaju wa kinyume, ndipo mtu,
kama bibi yangu wa Kibosho akimtambulisha mgeni.

Majina yanashuka kwenye kioo:
aikaeli, aikaeli, ndeshi, aikaeli, mgeni2.
Kisha mizani_2009. Mwenyewe: 1004.
Basi. Namba tupu.
Akaunti ilifutwa, faili zikabaki.

Mama Ndeshi akaacha kugonga mihuri.
“Huyo Elinikira. Yule aliyepima kila gunia mara mbili.
Tulimzika Machame, matope mpaka magotini.”

Kwetu kihamba kikikosa mtu hakikosi masale mpakani;
jirani atakuambia ni cha nani
hata nyasi zikifika dirishani.
Hapa masale ni tarakimu nne.

Amri moja tu, na faili zote zingekuwa zangu.
Saa kumi kasoro dakika sita.
Nimechapa orodha, na pembeni ya 1004
nimeandika kwa kalamu: Elinikira, wa mizani.

Kilawe ataniuliza huyu yuko idara gani.