Uwele wa Sechelela

Kongwa, saa kumi jioni. Sechelela ametundika kwa uzi
karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara.
Analiita tanga. Bahari hajawahi kuiona.

Anairushia uwele, punje moja moja.
Tanga linatikisika.

"Punje ni chembe," anamwambia Chilewa,
"mkono wangu ni mtambo. Huko juu hakuna upepo,
upepo tutautuma sisi."

Anarudi nyuma hatua kumi. Punje zinatawanyika,
mbili tu zinagusa.
Hatua ishirini: hakuna.

Hapo ndipo hesabu inapowakaba hata mabingwa,
chembe hazikubali kwenda pamoja njia nzima.

Mama anauliza uwele wa uji uko wapi.
Kuku wanajua.
Karatasi bado inazunguka, taratibu,
kwa punje iliyokwisha kuliwa.